Nyota moja mwaka 2016, mbili mwaka 2025: kisa cha darubini ya Lindi

Ubishi ulikuwa kati ya mjomba na mpwa wake, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wa macho yake. Mjomba ni fundi wa mashua hapa Lindi mjini. Anasema mwaka 2016 aliielekeza darubini yake kwenye ile nyota angavu ya kusini akaona nyota moja, basi. Mpwa wake yuko kidato cha tatu, anasoma bweni Mtwara. Alirudi likizo ya Juni 2025, akaichukua darubini ile ile, akaielekeza kwenye nyota ile ile, akaona nyota mbili. Kijana akasema mjomba hakutazama vizuri. Mjomba akasema kijana ameiangusha darubini na sasa anatafuta pa kujificha.

Nafundisha fizikia, na mtaani kwetu hiyo inatosha kukufanya hakimu wa kila jambo la angani. Nikaitwa. Nilipofika nilikuta wameshaanza kukubaliana: kijana alikuwa amesoma mahali kwamba nyota ile kweli ni mbili, mjomba naye akakumbuka kwamba vitu huachana, kwa hiyo wakapatana kuwa mwaka 2016 nyota zilikuwa zimeshikana na tangu hapo zinaachana. Ni suluhu nzuri ya kifamilia. Ila kwa nyota zenyewe ni kinyume kabisa cha kinachotokea, na ndiyo maana naandika kisa hiki kwa urefu.

Nyota inayozungumzwa ni Rijili Kantori, ambayo wanaastronomia wengi duniani huiita Alpha Centauri. Kwa mtu wa Lindi au Mtwara haina haja ya kutafutwa kwa taabu. Mwishoni mwa Juni, muda mfupi kabla ya saa tatu usiku, inakuwa kusini kabisa, nyuzi 39 juu ya upeo. Kulia kwake kuna nyota nyingine angavu, Beta Centauri, na ukiendelea kulia unaukuta Msalaba wa Kusini. Katika nyota zote za usiku ni mbili tu zinazoishinda kwa mwanga, Sirius na Canopus. Kwa jicho tupu ni nukta moja. Hakuna binadamu aliyewahi kuitenganisha bila kioo.

Darubini kwanza

Mtu akikuambia anaona viwili pale palipokuwa na kimoja, anza na chombo chake. Darubini ya mjomba ni ndogo: kioo cha mbele kina kipenyo cha milimita 50, inakuza mara 25 na haibadiliki, na inaonyesha picha wima kama unavyoona kwa macho. Ni ya aina ile inayouzwa kwa watu wa kutazama ndege na meli. Pembeni mwa kioo kuna ukungu kidogo wa ile aina inayoota ndani ya vioo vya pwani, na kishikio chake kimefungwa kwa kamba pale skrubu ilipopotea. Kioo kilicholegea au prizimu iliyosogea (kile kipande cha kioo cha ndani kinachoiweka picha wima) inaweza kweli kutoa picha pacha, kwa hiyo shutuma ya mjomba haikuwa ya kipuuzi.

Tuliiweka nyuma ya mashua iliyopandishwa nchi kavu kwa matengenezo, maana kusi ilikuwa inavuma na stendi ilikuwa inatetemeka. Tukaning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu mitatu. Kwenye ghuba taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimewaka mstari mzima, lakini nyota hii haijali taa wala mbalamwezi.

Nilitazama. Nyota mbili, wazi, zimekaribiana sana: kubwa chini, ndogo juu yake karibu wima. Nikahamisha darubini kidogo kulia hadi Beta Centauri. Moja. Kama prizimu ingekuwa imesogea, kila nyota ingezaa pacha, na Beta isingesalimika. Halafu nikalegeza kamba ya kishikio nikaizungusha darubini yenyewe robo mzunguko, nikatazama tena Rijili Kantori. Nyota ndogo ilibaki pale pale juu ya kubwa. Pacha linalotengenezwa na kioo huzunguka pamoja na kioo, hili halikuzunguka. Kosa la chombo likafutwa hapo hapo, na kijana akapata kicheko cha kwanza cha usiku ule.

Lililofuata ni macho ya mjomba. Kijana alikuwa amelisema kwa adabu ya kuzunguka: «Mjomba, labda siku ile ulikuwa umechoka.» Lakini nilipomwachia mjomba nafasi, aliinama, akakaza jicho, akasema, «Zipo mbili. Hata mimi naziona.» Macho yake mwaka 2025 yana miaka tisa zaidi ya mwaka 2016, na bado yanaziona mbili. Macho hayaboreki kwa kuzeeka. Kama tatizo lingekuwa macho, ilipasa azione mbili zamani na moja sasa.

Ikabaki kuuliza kama mwaka 2016 alilenga nyota sahihi, na kama kweli ilikuwa 2016. Hapa kumbukumbu ya mjomba ilinishangaza kwa ubora. Darubini aliletewa mwaka wa kupatwa kwa jua kipete, ule wa tarehe 1 Septemba 2016, watu walipofunga safari hadi Rujewa mkoani Mbeya kuona pete kamili. Huku Lindi jua lilifunikwa sehemu kubwa tu. Yeye alitumia darubini kurusha taswira ya jua kwenye karatasi nyeupe, hakuweka jicho (na wewe usiweke, kamwe, hata kwa sekunde moja). Jioni za siku zilizofuata akaanza kucheza nayo kwenye nyota. Nilimuuliza kati ya zile mbili za jirani na Msalaba alitazama ipi. Akajibu bila kufikiri: «Ile ya juu.»

Mwezi Juni jibu hilo lingekuwa na utata, kwa sababu saa tatu usiku nyota hizo mbili zimekaa ubavu kwa ubavu. Lakini mwanzoni mwa Septemba, giza likiingia, Msalaba umeshainama kusini-magharibi unaelekea kuzama, na katika zile mbili iliyo juu ni Rijili Kantori. Alilenga sawasawa. Jibu hilo pia lilinipa kitu ambacho mjomba hakukusudia kunipa: wakati ule nyota ilikuwa chini zaidi, kama nyuzi 28 tu juu ya upeo, na kuna hewa nyingi zaidi ya kupenya.

Kwa nini ilikuwa moja

Umbali wa nyota kwa nyota angani hupimwa kwa pembe. Nyuzi moja ina dakika 60, dakika ina sekunde 60. Mwezi mpevu una upana wa takriban sekunde 1,800. Septemba 2016 nafasi kati ya nyota mbili za Rijili Kantori ilikuwa sekunde 4 tu na chembe. Juni 2025 ilikuwa sekunde 9. Hata hiyo 9 ni sehemu moja tu ya 200 ya upana wa mwezi.

Sasa kioo. Kuna kanuni ya karne ya 19 iliyoachwa na mtazamaji Mwingereza William Dawes: gawa 116 kwa kipenyo cha kioo kwa milimita, utapata sekunde chache kabisa ambazo kioo hicho kinaweza kutenganisha. Kwa milimita 50 unapata 2.3. Ukisimama hapo utasema mjomba alipaswa kuziona mbili mwaka 2016, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 2.3. Kijana alisimama hapo hapo, na ndiyo hoja iliyompa jeuri.

Lakini kioo hakitazami. Jicho ndilo linalotazama. Darubini inayokuza mara 25 inazigeuza sekunde 4 kuwa 100 mbele ya jicho, yaani dakika 1 na theluthi mbili. Jicho zima kabisa, kwenye mwanga mzuri, linaweza kutenganisha hadi dakika 1 hivi. Kwa nukta mbili za mwanga mkali, moja ikiizidi nyingine mara tatu na zaidi, usiku, wengi wetu tunahitaji dakika 2 au zaidi. Ongeza hewa ya jioni ya pwani kwenye nyuzi 28, ardhi bado inatoa joto la mchana, nyota inacheza kwa sekunde 2 au 3 huku na huku. Ongeza stendi isiyo na mfuko wa mchanga. Mjomba aliona nuru moja kwa sababu kwa chombo kile, saa ile, mahali pale, ilionekana nuru moja. Juni 2025 sekunde 9 mara 25 ni 225, karibu dakika 4, nyota ikiwa juu zaidi na stendi imetulia. Hata mtu asiyejua cha kutafuta anaona mbili.

Kwa hiyo hakuna aliyekosea kutazama. Mpaka hapa suluhu yao ilikuwa imesimama vizuri, na kijana akamalizia kwa furaha: «Si nilisema? Zimeachana.»

Kuachana gani huko

Kati ya 2016 na 2025 nyota hizo zilikaribiana. Mwaka 2016 zilikuwa mbali kwa takriban vizio 28, nikihesabu kizio kimoja kuwa umbali wa dunia hadi jua, kilomita milioni 150. Mwaka 2025 zilikuwa kwenye vizio 20 hivi. Kila mwaka tangu 1995 zinasogeleana, na zitaendelea kusogeleana hadi 2035. Kipindi kizima ambacho kwa macho ya Lindi zimekuwa zikiachana, zenyewe zimekuwa zikirudiana.

Ili hili likae kichwani, niliomba ungo ndani. Shika ungo mbele ya uso wako kama sahani inayokutazama, utaona duara kamili. Sasa ulaze mpaka unakaribia kuuona kwa ubavu, ubaki umeinuka kidogo tu. Duara linakuwa utepe mwembamba. Weka punje ya mahindi ukingoni upande wako, karibu na kidevu: kwa jicho, punje inaonekana imekaribia katikati ya ungo, ingawa iko mbali na katikati kwa nusu nzima ya upana. Isogeze polepole ukingoni kuelekea pembeni, na kwa jicho inazidi kuachana na katikati. Ukiwa mwalimu wa somo hili unaongeza jambo la pili: ukingo wa ungo huu si duara, ni yai, na nyota kubwa haikai katikati, inakaa karibu na ncha moja. Basi punje inaweza kusogea kwenda pembeni ikiwa wakati huo huo inapunguza umbali wake halisi na nyota kubwa. Hicho ndicho kilichotokea juu ya ghuba yetu.

Njia ya nyota ndogo kuzunguka kubwa imelala mbele yetu kwa nyuzi 79. Ingelala kwa 90 tungeiona kama mstari mtupu. Mwaka 2016 nyota ndogo ilikuwa kwenye ile sehemu ambayo umbali karibu wote umefichwa kwenye kina, kwenye mstari wa kutoka kwetu kwenda kwao. Hesabu yake si ngumu. Kwa umbali zilipo nyota hizi, sekunde 1 ya pembe ni sawa na vizio 1.33. Sekunde 4.06 za Septemba 2016 ni vizio 5.4. Vizio 28 ndivyo vilivyokuwepo, vilivyoonekana ni 5.4. Vingine vilikuwa kwenye kina, mahali ambapo jicho na darubini havioni kitu. Mwaka 2025 sekunde 9 ni vizio 12 katika 20 vilivyopo. Umbali halisi umepungua, ila sehemu kubwa zaidi ya huo uliobaki sasa inaonekana waziwazi.

Kijana akauliza swali ambalo natamani lingeulizwa kila siku darasani: kama kina hakionekani, nani amekipima? Kinapimwa kwa mwendo. Nuru ya nyota ukiichanganua rangi zake unakuta mistari myeusi ya elementi zilizomo, na nyota ikikujia mistari husogea kuelekea bluu, ikikukimbia husogea kuelekea nyekundu. Mfumo huu kwa jumla unatujia kwa kilomita 22 hivi kila sekunde, lakini nyota zake mbili hazina kasi moja. Moja huizidi nyingine, kisha zinabadilishana, kadiri zinavyozungukana. Ukiunganisha kasi hizo na picha za mahali zinapoonekana angani kwa miaka mingi, njia nzima inajichora, pamoja na kina chake. Haibaki nafasi ya kuchagua kati ya kuachana na kukaribiana.

Kuna alama nyingine ambayo mjomba na mpwa wangeweza kuitumia wao wenyewe kama mjomba angeziona mbili zamani. Nyota ndogo haikujitenga kwa kwenda moja kwa moja nje. Mwaka 2016 ilikuwa kaskazini-magharibi ya kubwa. Mwaka 2025 imezunguka karibu nyuzi 60 na iko karibu kaskazini kamili. Ndiyo maana usiku ule, nyota ikiwa kusini kabisa, tuliiona ndogo imekaa juu ya kubwa. Vitu vinavyoachana tu haviwi na tabia ya kuzunguka.

Kuzipima uzito kutoka Lindi

Njia ikishajulikana, mizani imepatikana. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na nilimpa kijana kikokotoo cha simu aifanye mwenyewe.

Nyota hizi zinamaliza mzunguko mmoja kwa miaka 79.76. Nusu ya urefu wa lile yai, kwa pembe, ni sekunde 17.49. Ili kuigeuza kuwa vizio unahitaji umbali wa mfumo, na umbali umepimwa kwa kuangalia nyota inavyohama kidogo angani dunia ikizunguka jua: sekunde 0.7508. Umbali huo unatoka miaka ya nuru 4.34. Gawa 17.49 kwa 0.7508, unapata vizio 23.3. Kanuni ya Kepler, ikishapitia mikononi mwa Newton, inasema: zidisha namba hiyo kwa yenyewe mara tatu, gawanya kwa miaka ikiwa imezidishwa kwa yenyewe mara mbili, jibu ni uzito wa nyota zote mbili kwa kipimo cha jua letu. 23.3 mara tatu inatoa karibu 12,650. 79.76 mara mbili inatoa 6,362. Jibu ni 1.99.

Majua mawili, kasoro kidogo. Kijana alirudia hesabu akidhani amebofya vibaya.

Kugawa uzito huo kati ya mbili unahitaji kujua kila moja inazunguka mbali kiasi gani kutoka kwenye kitovu chao cha pamoja, maana nzito huzunguka karibu na nyepesi huzunguka mbali. Kubwa, inayoitwa A, ina uzito wa 1.08 ya jua. Ndogo, B, ina 0.91. A ina upana wa 1.22 ya jua na inatoa mwanga mara moja na nusu ya jua. B ina upana wa 0.86 na inatoa nusu tu. Joto la uso wa A ni karibu sawa na la jua letu, kelvini 5,800 hivi, na B iko chini yake kwa kelvini mia tano au zaidi, ndiyo sababu ukiitazama kwa makini rangi yake imeelemea kwenye chungwa. Mjomba aliiona tofauti hiyo kabla ya mimi kuisema. Fundi wa rangi za mashua hafundishwi rangi.

Katika kuzunguka kwao umbali halisi huenda kutoka vizio 11.2, zaidi kidogo ya umbali wa Zohali kutoka kwenye jua, hadi vizio 35.4, kupita Neptuni. Mara ya mwisho kukaribiana kabisa ilikuwa Agosti 1955.

Kidogo cha historia, kwa sababu nacho ni cha upande wetu wa dunia. Wa kwanza kuandika kwamba nyota hii ni mbili alikuwa padri Mjesuiti, Jean Richaud, akiwa Pondicherry nchini India, Desemba 1689, akifuatilia nyota mkia. Vipimo vya kwanza vya umbali wake vilifanywa Afrika: Thomas Henderson, akiwa kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Rasi ya Tumaini Jema, mwaka 1832 na 1833. Alichelewa kuvichapisha hadi 1839, na Mjerumani Bessel akawa ameshamtangulia kwa nyota nyingine mwaka 1838. Nafasi ya kuwa mtu wa kwanza kutangaza umbali wa nyota ikampita akiwa na namba mfukoni.

Mfumo una nyota ya tatu, Proxima, iliyogunduliwa Johannesburg na Robert Innes mwaka 1915. Darubini ya mjomba haiwezi kuionyesha hata kidogo, ni hafifu mno, na iko mbali na hizo mbili kwa zaidi ya nyuzi 2, kama miezi minne ikipangwa sambamba. Ndiyo iliyo karibu nasi kuliko nyota yoyote ukiacha jua: miaka ya nuru 4.24. Ugunduzi wa sayari inayoizunguka ulitangazwa Agosti 2016, siku chache tu kabla ya kupatwa kwa jua kule kulikomletea mjomba darubini. Kuhusu sayari za A na B zenyewe ningeshauri subira. Mwaka 2012 ilitangazwa sayari ya B, na mwaka 2015 uchambuzi mpya wa data zile zile ukaiondoa. Agosti 2025 wataalamu wa darubini ya anga za juu ya James Webb walitangaza dalili ya sayari kubwa karibu na A, iliyonaswa Agosti 2024 kisha isionekane walipotazama tena mapema 2025. Huenda ilikuwa imejificha karibu mno na nyota yake. Huenda haipo.

Yatakayofuata

Uchambuzi ukiwa sahihi unapaswa kusema kabla jambo halijatokea. Tuliandika namba kwenye daftari la mjomba la vipimo vya mbao, ukurasa wa nyuma. Juni 2026 nafasi itakuwa sekunde 9.5. Juni 2027, 9.9. Mwaka 2029 itafika karibu 10.4, na hapo macho yetu yatakuwa yameona upana mkubwa kuliko wote wa kipindi hiki, ilhali nyota zenyewe zimebakiwa na vizio 15 tu kati yao.

Baada ya hapo zitaanza kufungana haraka. Mei 2035 ndipo zitakapokuwa karibu kabisa kwa umbali halisi, lakini kwa macho kufungana kutaendelea hata baada ya hapo, kwa sababu ile ile ya ungo: zitakuwa zimeanza kuachana kwa kweli huku zikizidi kubanana kwa kuonekana. Mwishoni mwa 2037 nafasi itashuka hadi sekunde 1.7. Ukikuza mara 25 hiyo ni sekunde 42 mbele ya jicho. Tena ni chini ya ile 2.3 ya kanuni ya Dawes, kwa hiyo safari hiyo hata ukibadilisha kioo cha jicho kiwe cha kukuza zaidi, kioo cha milimita 50 kimeshashindwa kabla ya jicho.

Mjomba alilipokea hilo vizuri kuliko nilivyotegemea. «Kwa hiyo itakuwa moja tena,» akasema, akimtazama mpwa wake, «na mtu atakayekuja siku hiyo atasema wewe ndiye uliyeota.» Kijana alikuwa ameshagawa 116 kwa 1.7 kwenye simu na kupata 68. Sasa anaulizia bei ya darubini ya milimita 70 au zaidi, na mjomba amemwambia aulize kwanza bei ya stendi isiyotetemeka.